Amri ya Kutowatania Wasegu

Nchi ninayoisimulia si yetu. Tukubaliane hapo mapema, maana kuna watu wakisikia habari za mkubwa mwenye kitambi huanza kupapasa matumbo yao wenyewe. Nchi hii iko mbali, nyuma ya milima ambayo waliochora ramani waliikatia tamaa, na mambo yake hayatuhusu hata chembe. Tunazungumza tu, tukisubiri chai ichemke.

Katika nchi hiyo walikuwapo Wadunde, ambao ni wengi kupindukia, na Wasegu, ambao ni wachache kiasi kwamba wakiwa na harusi hakuna anayebaki nyumbani kulinda kuku. Zamani walipigana sana hawa. Babu zao wakachoka kuzika, wakakaa kitako, wakaapa kwamba tangu siku ile hawatachomana mikuki tena, watatukanana tu. Ndivyo walivyokuwa watani. Mdunde akikutana na Msegu anamwambia kuwa sura yake inafanya kuku waache kutaga. Msegu anamjibu kwa la kwake, kisha anaingia jikoni kwa Mdunde, anafunua sufuria na kupakua. Haombi, wala haulizi. Na nyumba ya mmoja ikipatwa na janga, wa kwanza kufika ni mtani, anatukana mlangoni, halafu anavua shati na kushika jembe.

Senzia alikuwa Msegu, mfinyanzi wa vyungu, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Aliishi na mama yake, Bi Sikudhani, ambaye hakuwa na jino hata moja lakini ulimi wake ulikuwa mzima. Mtani wa Bi Sikudhani alikuwa mzee mmoja wa Kidunde, Kirumbi, mwenye upara unaong'aa. Wawili hao walitukanana tangu utotoni bila kupumzika. Bi Sikudhani alizoea kusema kwamba siku Kirumbi atakapomsalimia kwa adabu, atajua tayari yeye ni marehemu.

Mwaka mmoja mto ukafurika. Ulibeba mashamba, ukabeba tanuri la vyungu la Senzia, ukabeba na ng'ombe wa watu, nao ng'ombe wakitazamana kwa mshangao. Maji yalipofika kiunoni, Senzia akawa amesimama juu ya kinu, amemshika mama yake, hajui aelekee wapi. Hapo akasikia sauti ya Kirumbi ikija na tope.

"Kiko wapi hicho kigunia cha mifupa?" Kirumbi aliuliza. "Kipandishe mgongoni kwangu kabla samaki hawajakiona wakahama mto."

Senzia akampandisha. Bi Sikudhani alikuwa ameokoa kitu kimoja tu, mwiko wa ugali, na huo mwiko aliutumia kumgonga Kirumbi upara njia nzima.

"Kaza mwendo, punda wewe," alimwambia. "Ningejua nitabebwa na wewe ningezama mapema na heshima yangu."

Hivyo ndivyo Wasegu wote walivyofika salama kwenye kilima cha shule, kila mmoja akiwa mgongoni mwa Mdunde anayemtukana. Wadunde walikuwa wameokoa maharage na unga, wakapika kwenye masufuria makubwa uwanjani. Wasegu walikuja, wakasema maharage yana ladha ya soksi, wakapakua, wakala, wakarudia. Jioni watu walicheka mpaka watoto waliokuwa wakilia wakanyamaza kusikiliza. Janga lilikuwa kubwa, lakini hakuna aliyelala na njaa.

Kwa bahati mbaya, serikali ikapata habari.

* * *

Haikupata habari za mafuriko, hizo ilikuwa nazo. Ilipata habari kwamba wageni wafadhili wanakuja, na kwamba swali lao la kwanza litakuwa: jamii ndogo zimelindwaje? Baraza la mawaziri likaitishwa. Hakuna aliyekumbuka kama nchi ina jamii ndogo. Waziri wa Maafa na Sherehe, Dakta Lukansola, akajitolea kwenda kuitafuta moja.

Dakta Lukansola alikuwa Mdunde kwa kuzaliwa, lakini alipelekwa shule za mbali angali mdogo sana, akasoma, akasoma tena, mpaka alichojua kuhusu watu wa kwao kikawa kile alichokisoma kwenye vitabu vya watu wa huko. Alifika kilimani amevaa buti za mvua ambazo hazijawahi kukutana na tope, na ili zisikutane nalo siku hiyo, alitandikiwa zulia. Jambo la kwanza aliloliona ni mzee mwenye upara amesimama mbele ya bibi kizee, akimwambia kwa sauti:

"Kula taratibu, mchawi wewe. Kwa hiyo midomo unanikumbusha kasa wa babu yangu, ila kasa alikuwa mrembo kidogo."

Waziri alishika kifua. Alisema hajawahi kuona ukatili wa namna hiyo ukifanywa mchana kweupe, tena wakati wa chakula. Kirumbi akakamatwa pale pale, na kijiko chake mkononi, kwa kosa la maneno ya chuki ya daraja la kwanza.

Senzia akakimbia mbele.

"Mheshimiwa, huyu ni mtani wetu," alisema. "Ndiye aliyembeba mama kwenye maji."

"Alimbeba huku akimtukana?"

"Sasa angembebaje?"

Waziri alimtazama kwa huruma nzito, ile huruma ambayo mtu huimwaga akijua kuna kamera. Akamgeukia msaidizi wake, akamwambia aandike kwamba mhanga amezoea mateso kiasi cha kuyatetea. Bi Sikudhani alirusha mwiko, ukampata msaidizi begani. Hilo nalo likaandikwa, kwamba wahanga wana kiwewe.

* * *

Wiki hiyo hiyo ikatoka Amri ya Ulinzi. Ilisomwa redioni na mtangazaji aliyekuwa akilia kwa maelekezo. Amri ilisema kwamba jamii ndogo ni jamii yoyote ambayo watu wake wote wakikaa kwenye uwanja wa taifa wa mpira, viti vinabaki. Ikasema kadiri viti vinavyobaki vingi, ndivyo ulinzi utakavyokuwa mkali. Ikapiga marufuku mtu wa jamii kubwa kumtania, kumcheka, kumsogelea bila sababu au kumtazama kwa jicho la mzaha mtu wa jamii ndogo. Kupakua chakula kwenye sufuria ya jamii nyingine kuliitwa unyonge wa kurithi, kukakomeshwa kwa faida ya wanyonge wenyewe.

Basi upande mmoja wa uwanja ukazungushiwa seng'enge, Wasegu wakaingizwa ndani kwa nyimbo. Nje pakasimikwa kibao: ENEO LA JAMII NDOGO INAYOLINDWA. USICHEKE. Walinzi waliitwa Askari wa Heshima, na walikuwa wamefundishwa upole wiki nzima. "Tafadhali rudi nyuma, mpendwa," walisema, "kabla sijakuvunja mguu."

Kirumbi alifungwa kwenye darasa la watoto wadogo. Adhabu yake ilikuwa kuandika ubaoni, kutwa, maneno haya: Wasegu ni watu wazuri sana. Senzia alimwona kwa mbali kupitia dirishani, chaki mkononi, anaandika na kufuta machozi. Mzee wa watu hajawahi kudhalilishwa namna ile maishani mwake.

Chakula sasa kikawa kazi ya serikali. Waziri alikataza Wasegu wasipewe ugali na maharage, kwa kuwa hicho ni chakula cha jamii kubwa, na kumlisha mtu wa jamii ndogo chakula cha jamii kubwa ni kumfutia utamaduni. Wakaletwa wataalamu wachunguze chakula cha asili cha Wasegu. Mmoja wao alimkalisha Senzia kwenye kiti cha kukunja.

"Mama, kabla hamjakutana na Wadunde, mlikuwa mnakula nini?"

"Ugali."

"Hapana mama, kabla ya hapo. Zamani sana."

"Zamani sana sikuwapo, baba."

Mtaalamu akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema kumbukumbu za watu hawa zimefutwa kabisa, utafiti utahitaji muda zaidi. Wakati utafiti ukiendelea, Wasegu waligawiwa biskuti za dharura. Zilikuwa biskuti zisizo na kabila, nyeupe, mraba, ngumu kama kigae. Watoto walizitumia kujengea nyumba. Wenye meno walizitafuna kwa uvumilivu. Bi Sikudhani hakuwa na meno, na maji ya kuzilowekea yalikuwa bado yanasubiri kuchunguzwa kama ni ya asili.

Kinachouma ni kwamba masufuria ya Wadunde yalikuwa pale pale, ng'ambo ya waya, yanatoa mvuke. Harufu ya maharage yaliyoungwa vitunguu haikujua amri. Lakini Mdunde hampelekei Msegu chakula. Msegu huchukua mwenyewe. Kumpelekea ni kumwambia kwamba sasa si mtani tena, ni ombaomba, na hakuna Mdunde aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia Msegu hivyo, hata kama wale askari wapole wasingekuwapo.

Asubuhi moja wanawake wa Kidunde walipita karibu na waya, macho chini, mabega yamewashuka.

"Habari za asubuhi, ndugu zetu wa jamii ndogo," walisema kwa pamoja, kama walivyofundishwa. "Poleni kwa changamoto."

Bi Sikudhani aliinua kichwa kwenye mkeka. Akamshika Senzia mkono, na mkono wenyewe ulikuwa umebaki mifupa na ngozi.

"Umewasikia wanavyotuamkia?" alinong'ona. "Tumewakosea nini, mwanangu?"

"Hatujawakosea kitu, mama. Ni serikali."

"Niitie Kirumbi anitukane kidogo. Labda nitapata hamu ya kula."

Senzia aliumia. Alimtazama mama yake akilala tena, akaona jinsi shuka ilivyokuwa haiinuki sana anapopumua, na akajua pasipo kuambiwa na mtaalamu yeyote kwamba mama hana siku nyingi. Mafuriko hayakumuua. Ulinzi ndio uliokuwa unammaliza.

* * *

Alikwenda kwa Waziri. Alimkuta kwenye hema lake, anachagua rangi ya mapazia ya jukwaa.

"Mheshimiwa, mama yangu anakufa njaa. Nifungulie mlango nikachukue maharage, au mtoe mzee Kirumbi."

"Mama Senzia," Waziri alisema, "naelewa uchungu wako kuliko unavyouelewa wewe mwenyewe. Kesho Mtukufu Rais anakuja na wageni. Tumekuteua wewe utoe neno la shukrani kwa niaba ya wanyonge wote. Una sauti nzuri, halafu umekonda vizuri."

Akampa hotuba iliyoandikwa tayari. Senzia alitaka kuichana, lakini macho yake yakaangukia maneno ya mwanzo: Mtukufu Rais. Basi Rais mwenyewe atakuwa mbele yake, anamsikiliza. Akaikunja hotuba, akaitia kwenye khanga, akaondoka bila kuaga.

Rais wa nchi hiyo aliitwa Mtukufu Sagamba, Baba wa Mvua na Kiangazi, Mlezi wa Wachache na wa Wengi. Alizaliwa kule kule kwenye bonde la mto, kwa mama wa Kidunde aliyeuza dagaa. Utotoni alichezea tope na watoto wa Kisegu. Tangu ashike madaraka, hata hivyo, hakuna mtu aliyemwambia neno lolote isipokuwa la sifa. Alipopiga chafya, watu walisimama na kushangilia. Alikuwa amenenepa sana, na uso wake ulikuwa na huzuni ambayo madaktari watatu wa ikulu walishindwa kuipatia jina.

Siku ya sherehe Wasegu walipangwa nyuma ya seng'enge iliyofungwa maua ya karatasi. Wadunde walipangwa upande wa pili, midomo imefumbwa, maana kila safu ilikuwa na askari wa kusikiliza vicheko. Jukwaani kulikuwa na wageni wafadhili, wamevaa kofia za jua, wanaandika. Mbele ya Rais paliwekwa meza yenye pilau, mbuzi wa kuchoma na bakuli kubwa la mchuzi.

Waziri alihutubia kwanza. Alisema dunia nzima inakuja kujifunza kwao. Alisema tangu ulinzi uanze hakuna Msegu hata mmoja aliyechekwa, aliyesukumwa, aliyesogelewa wala aliyeguswa. Hapo hakusema uongo. Kisha akamkaribisha mwakilishi wa wanyonge.

Senzia alitolewa kwenye lango la waya, akapanda jukwaani.  Akafunua hotuba.

"Mtukufu Rais," alisoma, "sisi wanyonge wako hatuna maneno."

 Alimtazama yule mtu mnene aliyekaa nyuma ya pilau, akawaza: huyu si ni Mdunde? Si ni mtoto wa muuza dagaa? Akaiweka hotuba chini.

"Kwa kweli maneno ninayo," alisema. "Wewe Mdunde, tumbo lako lilifika hapa saa nne, wewe mwenyewe tukakusubiri mpaka saa sita. Na hicho kiti kinaomba msaada wa dharura kuliko sisi."

Akasogea mezani, akachukua sahani ya Rais, akaanza kujipakulia pilau.

Uwanja mzima uliganda. Walinzi wa Rais walitia mikono makotini. Waziri akafungua mdomo, akausahau wazi. Upekuzi wa haraka wa Amri haukuonyesha kifungu chochote kinachomkataza mnyonge kumtukana mkubwa, kwa kuwa waandishi hawakufikiri kwamba jambo hilo linawezekana.

Mtukufu Sagamba alimkodolea macho. Mdomo wake wa chini ukaanza kucheza. Kitu cha zamani kilikuwa kinapanda kutoka tumboni, kinapita kwenye medali zote zile, na akajaribu kukizuia akashindwa.

"Mwizi wa sufuria," alisema, na sauti yake ikapasuka kama ya mtoto. "Ninyi Wasegu hamna hata shukrani. Kama si mafuriko haya, mngeoga lini?"

 Halafu mwanamke mmoja wa Kidunde akapasuka kicheko, na Msegu mmoja akamfuata, na uwanja wote ukaripuka. Watu walishikilia seng'enge wakicheka, maua ya karatasi yakadondoka. Rais mwenyewe alicheka mpaka medali zikalia. Wale madaktari wa ikulu waliangaliana.

Mkuu wa Askari wa Heshima, mtu aliyefuata maelekezo maisha yake yote, akapuliza filimbi.

* * *

Tatizo lilikuwa hili. Mtu wa jamii kubwa alikuwa amemtukana mtu wa jamii ndogo, hadharani, mbele ya wageni waliokuwa bado wanaandika. Kumkamata Rais ni uhaini. Kumwacha ni kuthibitisha kwamba Amri ni mapambo. Askari alisimama na pingu mkononi, anamtazama Waziri. Waziri alitokwa jasho mpaka kwenye buti. Lakini hakusoma bure miaka yote ile. Uso wake ukang'aa ghafla, akakishika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, naomba niulize," alisema. "Nchi hii ina marais wangapi?"

"Mmoja," umati ukajibu.

"Marais wote wa nchi hii wakikaa kwenye uwanja wa taifa, viti vitabaki?"

Ikaonekana wazi kwamba vitabaki. Vitabaki vyote kasoro kimoja.

"Basi Mtukufu Rais ndiye jamii ndogo kuliko zote katika nchi yetu," Waziri akahitimisha, "na yaliyotokea hapa ni mazungumzo ya ndani baina ya wanyonge wawili."

Wageni walipiga makofi. Walisema hawajawahi kuona kiongozi mkuu anayetambuliwa kuwa mhanga. Rais naye alipiga makofi, kwa mazoea, kabla hajakumbuka sehemu ya pili ya Amri: kadiri viti vinavyobaki vingi, ndivyo ulinzi unavyokuwa mkali. Mkuu wa Askari aliikumbuka. Seng'enge ya akiba haikuwapo, kwa hiyo wakaikata ile ya Wasegu, wakaizungusha kwenye jukwaa, na Mtukufu Sagamba akiwa ndani. Askari wote wakahamishiwa huko. Pilau ikaondolewa kwa upole, kwani haikujulikana kama ni chakula cha asili cha marais, na wataalamu wakaanza utafiti. Kibao kikang'olewa kikasimikwa upya.

Mlango wa darasa la watoto ukabaki bila mlinzi. Kirumbi akatoka na chaki kwenye ndevu, akapita moja kwa moja pale palipokuwa na waya, hadi kwenye mkeka wa Bi Sikudhani. Alimtazama. Aliona jinsi alivyobaki, na kidevu chake kikatetemeka, na Senzia aliyekuwa amesimama na sahani ya pilau akaogopa kwamba sasa mzee atasema neno la huruma.

"Hujafa tu?" Kirumbi alisema. "Nimefungwa wiki zote hizi nikijua nikitoka nitakula maharage ya matanga, kumbe umenilalia hapa."

Bi Sikudhani alifumbua jicho moja.

"Umenenepa huko," alisema polepole. "Hata upara umenenepa. Niinue, punda wewe, nikaone mmepika uchafu gani."

Kirumbi akambeba mgongoni mpaka kwenye masufuria. Bi Sikudhani alifunua mwenyewe, akajipakulia maharage yenye mchuzi mwingi, akala kwa ufizi, taratibu, huku akisema yana ladha ya soksi. Senzia alikaa chini palepale kwenye vumbi akalia kwa furaha, wala hakujificha.

Jua lilipoanza kuteremka alipita karibu na jukwaa, akiwa na sahani ya maharage. Wageni walikuwa wamekwisha kuondoka, wameridhika. Mtukufu Sagamba alikuwa amekaa peke yake nyuma ya waya, biskuti nyeupe mkononi, anaipapasa kingo. Kila aliyepita alimwinamia na kumpa pole kwa changamoto. Alimwona Senzia, akasogeza kiti.

"Msegu," alinong'ona. "Nitukane kidogo, tafadhali."

Senzia aliutazama uso ule mpana, akakitazama kibao kinachokataza kucheka, akamtazama askari wa zamu, kijana wa Kidunde ambaye ghafla alianza kukagua mawingu. Akaipitisha ile sahani chini ya waya.

"Kula, Mdunde," alisema. "Na leo uoge. Maji yako ya mafuriko yanapungua, usije ukasubiri mwaka mwingine."